Mashine ya Mto na Daftari la Mzee Okwara

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na tai nilikuwa nimevaa.

Nawaandikia nyinyi watatu, Wafula, Otieno na Musa, kwa sababu tulikaa dawati moja pale chuo cha ufundi Kisumu, na najua habari hii itawafikia hata nikinyamaza. Madereva wa malori hapa Malaba wameshaipata. Kesho itakuwa Eldoret. Afadhali muisikie kwangu kabla haijatiwa chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Mnajua kazi niliyopewa. Pale karibu na daraja la mto kuna ubao mrefu umesimama majini, umeandikwa namba za kupima kina. Kwa miaka mingi kazi ya kuusoma ni ya Mzee Okwara. Saa moja asubuhi anateremka, anasoma, anaandika kwenye daftari. Saa kumi na moja jioni vivyo hivyo. Jumapili anakwenda. Krismasi anakwenda. Siku aliyomzika kaka yake alikwenda, halafu akarudi matangani.

Sasa mwaka huu wakubwa wakaleta mashine. Ni sanduku la chuma la rangi ya kijani, tumelifungia kwenye kibanda cha mabati ukingoni. Kila saa inapima maji yenyewe na kuandika namba kwenye kaseti. Kaseti yenyewe ukiiona utadhani ya muziki, lakini ukiitia kwenye redio inalia kama nguruwe anayefungwa. (Nimejaribu. Mwenye lojing'i alinigongea ukuta.) Mwisho wa mwezi natoa kaseti, naipeleka Nairobi kwa treni, kompyuta inaisoma na kutema karatasi ndefu kama shuka, imejaa namba.

Kitu kimoja muelewe vizuri. Mashine hii haina habari na saa. Inahesabu tu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka betri ife. Mimi ndiye naandika kwenye kibandiko cha kaseti siku na saa niliyoiwasha, na Nairobi wanahesabu kuanzia hapo. Kama kibandiko ni sawa, kila namba iko mahali pake.

Haya. Jana mchana Mhandisi Mkuu akafika na karatasi za mwezi wa kwanza wa mashine. Akaniita kando. "Kijana, linganisha hizi na daftari la mzee. Zikilingana, mzee anabaki na kazi yake, na mashine itakuwa ya kusaidia. Zisipolingana, tunamwachisha, na wasomaji wengine wa mito ya Busia wanafuata. Tutaweka mashine kila mahali, tuziunge kwa waya wa simu hadi Busia mjini, na tutahitaji mtu wa kuzisimamia."

Aliposema "mtu" alinitazama mimi. Nyinyi mngefanyaje?

Nilikaa na karatasi zile tangu saa nane mpaka jua likazama. Na nikaona kitu. Siku za jua, namba za mzee na za mashine zilikuwa pacha. Siku za mvua, hapana. Jioni mzee ameandika maji chini, mashine inasema yako juu sana. Asubuhi yake mzee ameandika juu, mashine inasema yameshapungua. Kila siku ya mvua, hivyo hivyo.

Nikajiambia: Ala! Mzee huyu mvua ikinyesha hatoki nyumbani. Jioni anakaa jikoni, ananakili namba ya jana. Asubuhi akisikia watu wakisema mto ulijaa, anaongeza ili kufidia. Nikafurahi. Nasema ukweli, nilifurahi. Nilijiona kama askari wa upelelezi.

Ningeweza kwenda nyumbani kwake kumuuliza. Ni mwendo wa dakika ishirini. Yeye na baba yangu walichunga ng'ombe pamoja kule Moding, na tangu nikiwa mdogo namwita papa, yaani baba. Sikwenda. Nilipiga pasi shati.

Leo asubuhi saa tatu tukakutana kwenye ofisi ya chifu. Alikuwepo Mhandisi, alikuwepo chifu, na wazee wanne ambao chifu huwaita akiwa na mgeni. Mama Amoit, ambaye huuza chai na mihogo kwenye kituo cha treni, alikuwa ameitwa kugawa chai. Mzee Okwara alifika na viatu vyake vya mpira, daftari amelifunga kwenye nailoni, akalishika mapajani.

"Yoga, mwanangu," akanisalimu kwa Kiteso.

"Habari za asubuhi, msomaji," nikamjibu. Mbele ya Mhandisi sikutaka kuonekana mtoto wa nyumbani. Alinitazama kidogo, halafu akaangalia mlango.

Mhandisi akasema, "Haya, tuambie ulichokiona."

Nikasimama. Nikanyoosha tai. Nikatandaza ile karatasi juu ya meza ya chifu mpaka ikaning'inia pande zote mbili, chifu akaondoa kofia yake kuipisha. Nikaeleza siku za jua. Nikaeleza siku za mvua. Niliongea polepole, nikinyooshea kidole kila mstari, na Kizungu nilikichanganya pale nilipoona kinanipa uzito. Nilimalizia hivi: "Kwa hiyo, Bwana Mhandisi, kwa masikitiko makubwa, msomaji huyu mvua ikinyesha haendi mtoni. Anapika namba."

Mzee mmoja akasema taratibu, "Okwara?" Kama mtu anayeuliza kama amesikia vibaya.

Mzee Okwara hakupandisha sauti. Akauliza, "Siku gani sikwenda?"

"Kwa mfano ile Alhamisi ya mvua ya mawe."

Akainama, akavua kiatu kimoja, akakunja suruali. Kwenye muundi palikuwa na kovu, bado jekundu. Akasema, "Alhamisi hiyo niliteleza pale kwenye ngazi za mawe nikienda kusoma. Mke wangu alinikanda wiki mbili."

Na mimi, ndugu zangu, nikamjibu, "Mzee, kidonda si takwimu."

(Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu ninaokula nao ugali.)

Mhandisi akakunja uso, akasema kwa upole, "Mzee, sisi tunakuheshimu, lakini mashine haina sababu ya kudanganya." Akafungua faili lake, akatoa fomu, akaanza kuandika jina la mzee juu yake. Niliisikia kalamu. Chifu alikuwa anatazama dari. Hakuna aliyegusa chai.

Mzee akavaa kiatu chake. Alipomaliza akauliza, "Naweza kuiuliza hiyo mashine swali moja?"

Wazee wakacheka kidogo. Mimi nikacheka zaidi. "Haiongei, mzee."

"Basi nikuulize wewe mwenyewe wake. Uliiwasha saa ngapi?"

"Jumanne, saa nne kamili asubuhi. Iko kwenye kibandiko."

"Na saa uliiona wapi?"

Hapo nikaanza kukunjakunja pembe ya karatasi.

Nielezeni kama nilikosa sana. Siku ile saa yangu ya mkono ilikuwa kwa fundi Busia, kioo kilipasuka. Na mimi ni mtu wa huku. Hapa ukimuuliza mtu ni saa ngapi, haangalii mkono, anatega sikio. Treni ya abiria hupita saa nne asubuhi. Mwalimu anapiga kengele ya mapumziko kwa treni. Wanawake wanateleka maharagwe kwa treni. Hata mwenye duka la saa, mimi nimemwona kwa macho yangu akirekebisha mishale treni ikipiga honi. Kwa hiyo siku ile nilikuwa nimeinama ndani ya kibanda tangu alfajiri nikikaza nati, mawingu yamefunika, manyunyu yanaanguka. Nikasikia honi. Nikabonyeza kitufe. Nikaandika: saa nne kamili. (Kitabu cha maagizo kinasema hakikisha kwa mlio wa redio. Kinasema kwa herufi kubwa.)

"Kwa treni," nikasema.

"Sema kwa nguvu, chifu hasikii," akasema Mzee Okwara.

"Kwa treni!"

Mama Amoit alikuwa anamimina chai. Akasimamisha birika hewani. "Jumanne gani hiyo? Ile ya manyunyu? Ile mlikuwa mnafunga mabati?"

"Hiyo hiyo," nikasema.

"Wee!" Akaweka birika chini. "Boss, nisikilizeni. Jumanne hiyo behewa la kahawa liliacha reli huko Tororo. Treni ilikuja hapa saa saba ya mchana! Mimi nilikaa na mihogo kwa beseni mpaka ikawa kama mawe. Watu walishuka na njaa wakainunua hivyo hivyo, wananitukana. Nitasahau hiyo siku?"

Mhandisi akaacha kuandika. "Mama, una hakika?"

"Muulize mtu yeyote hapa Malaba anakula kwa jasho la treni."

"Nataka maandishi," akasema Mhandisi, lakini sasa alikuwa ananitazama mimi.

Mzee Okwara akafungua nailoni. Daftari lake lina safu ya namba, na pembeni ana safu ya maelezo, ambayo hakuna mtu ofisini aliyewahi kuisoma. (Mimi nilikuwa nalo mkononi jana alasiri. Niliruka safu hiyo. Niliona ni porojo za mzee.) Akalamba kidole, akafunua, akamgeuzia Mhandisi. Mwandiko mkubwa, wa mtu aliyejifunza ukubwani: *Manyunyu tangu asubuhi. Treni imekuja saa saba mchana. Kijana wa serikali amewasha mashine, amefurahi.*

Mhandisi alisoma kwa sauti. Hilo neno "amefurahi" alilisoma polepole.

"Mzee, kwa nini hukusema mapema?"

"Sikujua yeye aliandika saa ngapi. Nimejua sasa hivi. Mimi naandika kinachopita."

Mhandisi akachukua rula na penseli. Akaanza na ile Alhamisi ya mvua ya mawe. Akateremsha kila namba ya mashine mistari mitatu, yaani saa tatu mbele. Jioni: sawa na daftari. Asubuhi: sawa na daftari. Akaenda siku nyingine ya mvua. Sawa. Nyingine. Sawa. Kila alipopata, alitia alama ndogo ya penseli, na ile penseli ilikuwa inagonga meza, tak, na mimi nimesimama pale bado, kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae. Maji yalikuwa yanajaa jioni baada ya mzee kusoma, na asubuhi yalikuwa yanapungua baada ya mzee kusoma. Alikuwa pale kila siku. Mvua ya mawe ikimpiga, alikuwa pale.

Nilidhani aibu imeishia hapo. Hapana. Mhandisi akaweka penseli chini. Akakunja paji la uso.

"Ngoja. Kama uliiwasha saa saba na si saa nne, basi kaseti ingekuwa na upungufu wa namba tatu mwishoni. Nairobi wangeuona."

Nikaomba ardhi ya Malaba ipasuke.

Akapekua faili. Akatoa telegramu mbili zilizobanwa pamoja. Ya kwanza, ya Nairobi kwangu: namba za Malaba zimepungua tatu, thibitisha saa ya kutoa kaseti. Ya pili, yangu kwao. Maana, ndugu zangu, siku ya kutoa kaseti saa yangu ilikuwa imesharudi kutoka kwa fundi, na niliandika sahihi kabisa: saa tisa alasiri. Lakini telegramu ilipokuja niliogopa wataniona mzembe. Nikaifuta saa tisa, nikaweka saa inayofanya hesabu itoke. Nikakumbuka vizuri sana jambo ambalo halikutokea.

Mhandisi akasoma: "'Samahani kwa kosa la kalamu. Nilitoa saa sita mchana.'" Akaniuliza, "Ulitoa saa sita?"

"Hapana, bwana."

"Hiyo saa sita uliitoa wapi?"

"Nilihesabu."

Chifu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akasema, "Yaani alipika."

Mama Amoit akashika mdomo kwa kanga. Mabega yakawa yanaruka. Wazee wanne hawakujizuia hata kidogo, mmoja ilibidi apigwe mgongoni. Dereva wa Mhandisi, aliyekuwa dirishani, akakimbia nje kwenda kuwaambia wenzake kwenye foleni ya malori, na nikasikia kicheko kikisafiri kutoka lori moja hadi jingine, kikielekea upande wa daraja. Namba zote za mwezi mzima, za mashine na za mzee, zilikuwa za kweli. Iliyopikwa ilikuwa moja tu, na mpishi amevaa tai.

Mzee Okwara peke yake hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Kama angecheka ningepona.

Nikazunguka meza. Nikapiga magoti moja kwa moja, karatasi ya kompyuta ikanifuata na kuanguka. "Papa, nisamehe."

"Leo asubuhi nilikuwa msomaji," akasema.

Nikainamisha kichwa.

"Inuka. Hapo chini umeniambia mimi peke yangu. Ulikuwa umesimama pale ukasema mbele ya hawa watu. Simama pale pale useme."

Nikarudi pale pale. Sauti niliyokuwa nayo asubuhi sikuiona tena. Nikasema, "Mzee Okwara alikwenda mtoni kila siku. Siku za jua na siku za mvua. Alhamisi ya mvua ya mawe alikwenda, akaumia. Namba zake ni za kweli. Mimi nilimsingizia."

"Na kidonda?" akauliza.

"Kidonda ni... takwimu, papa."

"Basi." Macho yake yalikuwa na maji. Akachukua kikombe chake, akanywa chai iliyokuwa imepoa kama maji ya mtungi, akasema ni tamu. Nilitaka kulia, na nililia kidogo, nikisingizia kukohoa. Sijawahi kujiona mdogo vile tangu nizaliwe.

Mhandisi akachukua ile fomu yenye jina la mzee. Akaichana mara mbili. Kisha akaandika barua nyingine pale pale, akamsomea kila mtu. Wasomaji wa mito ya Busia hakuna anayeachishwa. Kila kaseti itakayoanzishwa, Mzee Okwara awepo na saa yake anayoilinganisha na redio kila asubuhi, na atie sahihi kwenye kibandiko. Bila sahihi yake Nairobi hawapokei. Mimi nitasahihisha karatasi yote ya mwezi kwa mkono, namba moja moja, halafu mzee azikague. Kuhusu yule mtu wa kusimamia mashine zote, hakusema kitu. Nami sikuuliza.

Jioni hii saa kumi na moja nilikwenda mtoni. Sikuitwa, nilikwenda tu. Mvua ilikuwa inanyesha na mzee alikuwa ameshafika, ameinama mbele ya ubao, maji yanamchuruzika mgongoni. Akasoma namba bila kugeuka, akasema, "Andika." Akanipa daftari nilifunike kwa koti langu. Niliandika. Nilipomaliza safu ya namba, akasema, "Na pembeni pia." Nikamuuliza niandike nini. "Kinachopita," akasema. Nikaandika: *Mvua kubwa. Kijana wa serikali amekuja kwa miguu.* Akaisoma, akatikisa kichwa, akafuta maneno "wa serikali".

Nimelowa mpaka soksi, naandika barua hii nikiwa nimejifunga shuka. Wafula, najua wewe umeshaanza kucheka. Nakusihi ucheke kimya kimya, maana mpangilio wa kazi sasa ni huu: mashine iko chini ya Mzee Okwara, na mimi niko chini ya mashine.